Bi Flaviana Kokubelwa na Mtungi wa Mbwa

Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026, Bi Flaviana Kokubelwa atarudisha ufunguo wa ghala la chini na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika makumbusho yetu hapa Beltsville. Ukurasa huu wa programu ya kumuaga ni wa Kiswahili kwa sababu aliomba dada zake walioko nyumbani Muleba waweze kuusoma wenyewe.

Alianza Aprili 1995 akiwa msafishaji wa chumba cha vyungu vya Kigiriki. Ni vyungu vya miaka kama elfu mbili na mia nne. Wachoraji wake walipaka rangi nyeusi kila mahali isipokuwa kwenye miili ya watu na wanyama, ambayo iliachwa na wekundu wa udongo. Ukitazama vizuri, kilichopakwa ni giza, na watu wamebaki katikati yake.

Giza hilo lilimtisha. Kabati la kona lina bakuli lenye picha ya mfalme Pentheo akiraruliwa na mama yake mzazi, ambaye amepagawa na anadhani ameshika simba. Bi Flaviana hakuijua hadithi. Aliona tu kwamba uso wa yule mama haukuwa na hasira hata kidogo. Kwa wiki tatu alipiga deki akirudi kinyumenyume ili asilitazame kabati, mpaka siku moja akamgonga mlinzi wetu, Bwana Kipchumba, na ndoo ikamwagikia viatu vyake vipya. Hadi leo Kipchumba humuuliza lini atafungiwa vioo vya pembeni kama gari.

Hatimaye aliamua kwamba afadhali aogope kitu anachokijua. Akaazima vitabu, akasoma kwenye basi akirudi nyumbani Adelphi, na mwaka 1999 akahamishiwa ghalani kuwa mtunzaji wa vyungu. Kule alianzisha utaratibu tunaoufuata wote. Pete huvuliwa. Chungu hakishikwi kwa vishikio, hushikwa chini na tumboni. Na anayekabidhi haachii mpaka anayepokea aseme kwa sauti, “Nimeshika.” Nyumbani kwao ndivyo walivyosema walipomtua mtu ndoo ya maji kichwani. Wayne, mwenzake wa ghalani, mzaliwa wa Alexandria ya hapa jirani, hajui Kiswahili zaidi ya neno hilo na chai.

Sisi wanafunzi tunaojitolea Jumamosi tunamkumbuka zaidi kwa mtungi wa mbwa. Umechorwa Aktaioni, mwindaji aliyemwona mungu wa kike akioga, akageuzwa paa na kuuawa na mbwa wake mwenyewe. Masharubu ya mbwa yamechorwa kwa mistari myembamba kuliko unywele. Bi Flaviana hakuwahi kuilainisha hadithi hii kwa watoto wa shule. Mtoto mmoja aliuliza kama mbwa walimjua bwana wao. Alimjibu kwamba hawakumjua, kwa sababu kila alipojaribu kuwaita kwa majina, ilitoka sauti ya paa. Mwalimu wao akaomba waende kuona sarafu.

Februari mwaka huu bomba lilipasuka juu ya ghala. Umeme ulikatwa kwa usalama, na maji yakaanza kudondoka kwenye rafu za juu. Kipchumba alishika tochi, Wayne akapanda ngazi, na Bi Flaviana akasimama chini kupokea, kama kawaida. Vyungu kumi na vinne vilishuka salama. Wa kumi na tano ulikuwa mtungi wa mbwa, mkubwa kuliko vyote, umelowa na unateleza.

Hakuna kati yetu aliyejua alichokuwa akikijua yeye peke yake. Tangu Oktoba mkono wake wa kulia ulikuwa unakufa ganzi bila kumwonya. Mara mbili, kwa mazoea ya miaka, alikuwa amesema ameshika kabla vidole havijashika, na bahati tu ndiyo iliyookoa vyungu hivyo. Hakumwambia mtu. Aliogopa kutolewa ghalani miezi michache kabla ya kustaafu, na kuagwa kama mtu aliyeshindwa na kazi.

Wayne alishusha mtungi hadi usawa wa kifua chake, akangoja neno. Kipchumba anasema neno hilo lilikuwa tayari mdomoni mwa Bi Flaviana, alimwona akilimeza.

“Usiachie, Wayne,” Bi Flaviana alisema kwa Kiswahili. “Mkono umekufa ganzi. Siusikii.”

Wayne hakuelewa. Alijua tu kwamba hajasikia neno analolingojea, kwa hiyo hakuachia. Alibaki juu ya ngazi na kilo kumi na nane mikononi, maji yakimdondokea shingoni. Kipchumba aliweka tochi kwenye rafu ikimulika ukuta, akaja akipapasa gizani, akaweka viganja vyake chini ya mtungi. Akalisema yeye neno.

Siku iliyofuata Bi Flaviana alikwenda kwa mkuu wetu, Bi Bridget, akaeleza yote, pamoja na zile mara mbili. Tangu siku hiyo hajagusa chungu. Bi Bridget hakumtoa ghalani. Alimpa kiti karibu na meza ya kukabidhiana, awasimamie wengine, na amekikalia kwa miezi minne bila kuacha kosa hata moja lipite. Wayne anadai kiti hicho kinatisha kuliko Pentheo.

Baadaye watu watatu walibisha hodi kwa Bi Bridget bila kuitwa, kila mmoja na siri yake. Mmoja macho yake hayaoni vizuri kwenye mwanga hafifu, mwingine mgongo unamsumbua akipanda ngazi. Wa tatu alikuwa Kipchumba, na kilichompeleka tunamwachia mwenyewe. Wote bado wako kazini.

Bi Flaviana, asante kwa vyungu vilivyofika juu kwenye maonyesho vikiwa vizima, na asante zaidi kwa ule mtungi mmoja ambao hukuupokea. Msalimie kila mtu Muleba. Tunakutakia asubuhi nyingi za kuamka bila siri mkononi, na maisha mema, marefu, miongoni mwa watu unaoweza kuwaambia unapoogopa.