Bi Kidole na Mifuniko Iliyojiinua

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Baba yake alikuwa seremala, mama yake mshona nguo, naye alikuwa wa tatu katika watoto watano. Angali mdogo, mfuniko wa sanduku kubwa la vitambaa ulimponyoka mama yake ukambana mkono wa kulia. Vidole viwili havikunyooka tena. Mama alijifunza upya kushika mkasi, na wateja hawakupungua. Lakini binti, tangu hapo, hakuweza kupita karibu na sanduku lililo wazi bila kuugusa mfuniko wake aone kama umekaa sawasawa. Nyumbani walimcheka, wakidhani ni utoto tu, utapita. Haukupita.

Shuleni alipenda hesabu na kuikimbia kwaya, kwa kuwa sauti yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilifaa kufukuzia kuku. Mwaka 1973 aliingia chuo cha ufundi, akasomea kazi ya vyuma. Mwalimu wa kuchomelea alimwita baba yake akamweleza kuwa binti ana mkono mtulivu sana, ila maswali yake hayaishi. Baba akamjibu kuwa hata nyumbani wameshachoka.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika karakana ya boti, kwenye banda refu la mabati lenye harufu ya rangi na dizeli, akaanza kwa kuchomelea bawaba. Miaka michache baadaye zikaingia fimbo za gesi, zile zinazoinua mlango wa nyuma wa gari. Mafundi walizing'oa kwenye magari mabovu na kuzifunga kwenye mifuniko ya boti kwa kukadiria kwa macho. Naye alikadiria hivyo hivyo mara ya kwanza. Alipofungua komeo, mfuniko uliruka kama umetukanwa, ukang'oa bawaba moja na kuipeleka majini kofia ya mwenzake, fundi mpaka rangi. Mpaka rangi alimdai kofia hiyo kwa utani hadi alipostaafu.

Kuanzia hapo hakukadiria tena. Aliuning'iniza kila mfuniko kwenye mizani akaujua uzito wake, akapima toka bawaba hadi mahali fimbo itakapoukamata, kwani ikisogezwa karibu na bawaba hutakiwa iwe na nguvu zaidi. Alikumbuka kuwa jua kali huongeza msukumo wa gesi na baridi huupunguza. Upande mwembamba wa fimbo aliuelekeza chini, ili mafuta ya ndani yaulowanishe mpira unaozuia gesi isivuje. Fimbo za kawaida, ambazo chumvi ingezila kwa msimu mmoja, alizikataa, akasubiri za chuma kisichoshika kutu hata kama mteja alinuna. Kazi ilipokwisha, aliufunga mfuniko, akafungua komeo na kuusukuma kwa kidole kimoja. Ukipanda wenyewe polepole na kusimama, alitabasamu. Usipopanda, aling'oa kila kitu. Ndipo alipopata jina la Bi Kidole, akalizoea, akaliitikia hata benki.

Mumewe alikuwa nahodha wa boti ya mizigo. Alifika karakana na uvimbe kwenye paji la uso, kwa sababu mfuniko wa chumba cha injini aliushikiza kwa mpini wa ufagio, na mpini ulivunjika. Marehemu alimtengenezea. Wiki iliyofuata nahodha akarudi kulalamika kuwa mfuniko unalia. Marehemu alikagua, hakusikia kitu. Alipokuja tena na malalamiko yale yale, marehemu akaweka spana chini akamuuliza, "Kaka, kinacholia ni mfuniko au ni wewe?" Walioana tarehe 6 Agosti 1983, na nahodha hakupata kukana kwamba ni yeye.

Mwaka 1998 karakana ilipewa kazi ya boti ya abiria, yenye ukumbi uliofunikwa, mlango mmoja nyuma na mfuniko wa dharura darini mbele. Mwenye boti alitaka zifungwe fimbo zilizokuwapo stoo, maana boti ilikuwa imeshachelewa. Marehemu alizijaribu. Yeye aliufungua mfuniko, mpaka rangi aliufungua, na mwenye boti mwenyewe akaufungua, akauliza tatizo liko wapi.

"Siku ukihitajika, tajiri, hatutaufungua sisi," marehemu alimwambia. "Ataufungua atakayekuwa amekaa chini yake."

Kesho yake akaja na mama yake, mzee sasa, mwenye ule mkono wa vidole viwili vilivyopinda. Akamkalisha kwenye benchi la mbele na kumwomba afungue. Mama alisukuma, akashindwa. Mwenye boti aliagiza fimbo ambazo marehemu alizitaka, zenye nguvu ya kutosha kuushikilia mfuniko hata boti ikilala ubavu. Zilipofungwa, mama aliletwa tena. Akasukuma kwa mkono ule ule, mfuniko ukapanda, mwanga ukamwagika ukumbini.

Mwaka 2003, katika msimu wa mvua, boti hiyo ilikwaruza mwamba ikiwa imejaa abiria. Ikainama upande mmoja, maji yakaingia kwa mlango wa nyuma, watu wakakimbilia mbele wakikanyagana. Chini ya mfuniko alikaa mama anayenyonyesha, mtoto kamkumbatia kwa mkono mmoja. Kwa mkono uliobaki akavuta komeo na kusukuma. Mfuniko ukajiinua, ukasimama. Wakatoka wote, mmoja mmoja, wakakaa juu ya dari mpaka boti za uokoaji zikafika.

Marehemu alipopata habari aliondoka karakana na aproni yake mwilini. Toka gatini aliiona boti imelala kwenye kina kifupi, nusu majini, na juu yake mfuniko ungali wazi, mawimbi yakiupiga nao hauteremki. Mumewe anasimulia kuwa alisimama pale akiutazama kama mtu anayeona jambo ambalo hakulifanya yeye. Machozi yalimtoka asiyafute. Mwishowe akasema, "Umeshika."

Moyo wake ulianza kudhoofu mwaka 2019. Alilazwa mara kadhaa, akawa mgonjwa mtiifu kuliko tulivyotarajia. Katika kulazwa kwake kwa mwisho, yule mama wa kwenye boti alimtafuta hadi wodini, akakaa kando ya kitanda. Kisha akamweleza kwamba siku zote aliamini mfuniko ule uliinuliwa na malaika, kwa sababu yeye hakuwa na nguvu hizo.

"Ulisukuma wewe, mwanangu," marehemu alimjibu. "Mimi nilipima uzito tu."

Yule mama aliinama akaweka uso wake katika kiganja cha marehemu, nacho kiganja kikabaki hapo, wazi, muda mrefu. Sisi wa nyumbani tuliokuwa mlangoni tulirudi nyuma bila kuambiana.

Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Juni 2022, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti ambaye ni fundi katika karakana ile ile, mtoto wa kiume ambaye ni mwalimu, wajukuu wanne, dada mmoja na kaka wawili. Ameacha pia mifuniko isiyojulikana idadi, katika boti zilizo majini saa hii, inayofunguliwa na watu wasiomfahamu wala kufikiri kwamba kuna aliyewafikiria.

Mama, mzigo umeutua. Upumzike kwa amani.