Raba ya Tundu la Tano

Sogeeni, wanangu. Wewe Zaidi, wewe Tunu, nawe Kudra acha kunipepea, kaa usikie. Pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Nyumba hii ya Tangini, mama yenu asibughudhiwe ndani yake maadamu yu hai, na mikorosho ya kwetu Masaki, Kisarawe, igawanywe kama sheria ya Mwenyezi Mungu isemavyo, asije mtu akajitia ana akili kuliko mirathi. Hayo mepesi. Zito ni la Hemedi.

Tangu mko wadogo nawaambia Hemedi alinichongea kwa bosi nikashushwa cheo, nikawakataza hata kumwamkia. Nilisema uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami bora nijiumbue mwenyewe kabla hakijafika.

Mnajua nilikuwa fundi wa ndege ndogo. Kati ya injini na miguu ya rubani kuna bati la kuzuia moto, na kila kebo ipitapo kwenye bati lile, tundu lake huvishwa raba, isisuguane na chuma ikakatika. Nilipewa matundu matano nibadilishe raba zote. Ilikuwa Ramadhani ishirini na tisa, watu wanasubiri mwezi uandame, nami nawaza gari la mwisho la Masaki, nisije nikaikosa Idi na ninyi. Nne nikabadilisha vizuri. Ya tano ilikuwa nyuma ya betri, mkono haufiki mpaka ufungue betri na kebo yenyewe. Nikapaka gundi juu ya raba kuukuu, nyufa zikafunikwa, nikatia saini kwamba zote mpya. Loo, nafsi hii!

Hemedi ndiye aliyekagua. Hakutazama tu, alipeleka kidole. Raba ikammomonyokea mkononi, na kebo imeshaanza kukatika nyuzi. Abiria wanne walikuwa waruke asubuhi. Akakataza ndege isiondoke. Raba akaibadilisha yeye, siku ya Idi, mimi huku nakula pilau na ninyi. Niliporudi kazini akanisubiri siku mbili nzima niseme mwenyewe kwa bosi. Nikanyamaza. Ndipo akasema yeye.

Wanangu, namshukuru Mungu, na kidole cha yule bwana nakishukuru. Miaka yote hii nimelala bila roho ya mtu kunidai. Wale wanne walifika walikokwenda, wakarudi kwao, wala hawakujua lolote. Neema gani ipite hiyo? Nami shukrani yangu ikawa kumnyima salamu za wanangu.

Basi sikilizeni. Nizikeni Masaki, karibu na baba yangu. Kaburini washuke watatu kunipokea: Zaidi, mjomba wenu Seifu, na Hemedi, yeye akae upande wa kichwani. Asije mtu akamvuta kanzu. Na spana zangu zote ni zake, nimempa kwa hiari yangu.

Mungu awape riziki ya halali, awape na kinywa chepesi cha kukiri kosa. Radhi zangu mnazo nyote, sina kinyongo... Maji kidogo, Tunu. Basi... yatosha.

Hemedi yuko barazani tangu alasiri. Nimekisikia kikohozi chake, na ninyi nimewasikia mkimwambia mgonjwa amelala. Sijalala. Zaidi... wewe mkubwa... mfungulie. Mwamkie. Kwa sauti, baba... nisikie.