Mzee Gasper Afedra, Balozi wa Chupa Zisizobambuka

Na Kevina Mindra, Chumba cha Kupaka

Tarehe 30 Juni, Mzee Gasper Afedra, Mkuu wa Ubora wa karakana yetu ya vioo vya tiba hapa Arua, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Katika muda huo karakana imebadilisha wakurugenzi, mapaa na jenereta. Mzee Afedra hakubadilika, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyonifanya niombe kuandika mimi wasifu huu.

Alitoka Logiri akiwa kijana, akaanza kwa kuosha lenzi za darubini za hospitali. Alipanda cheo kwa sifa mbili: hakuchelewa kazini, na hakumpita mtu bila kumsalimia. Salamu yake si ya kurushiwa kwa mbali. Anakushika mkono, anauliza mama, watoto, mihogo na mbuzi, na muda wote huo mkono wako bado uko kwake. Mkono wake ni laini kuliko wa mtoto mchanga, kwa sababu mkewe, Mama Margarita, humkamulia mafuta ya shea kutoka kwenye kokwa za mti, naye hujipaka kila asubuhi. Mzee anaamini kwamba mwenye mkono mkavu ana kinyongo.

Miaka michache iliyopita tulianza kazi mpya ya kupaka utando wa polima, yaani plastiki nyembamba isiyoonekana, kwenye chupa za kioo ambazo hospitali hutumia kufyonzea damu na majimaji ya wagonjwa. Chupa iliyopakwa ikianguka hupasuka, lakini vipande havitawanyiki na nesi hakatwi. Sharti ni moja tu, utando ushike kioo. Wa kwetu haukushika. Chupa ikichemshwa mara mbili tatu kuua vijidudu, utando ulibambuka kama ganda la kitunguu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa kituo kimoja cha afya huko Koboko. Sista Elena Poni, msimamizi wa chumba cha upasuaji, alitufikishia ujumbe bila kumung'unya maneno: chupa mojawapo ilikuwa imempasukia msaidizi wake mkononi, na mzigo wa tatu ukibambuka, basi. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja. Chumba cha kupaka kingefungwa, na sisi sote tuliomo tungerudi kulima.

Mzee Afedra alilichukua jambo hili kwa uzito unaostahili. Akaunda kamati. Kamati ilikutana, ikanywa chai, ikalaumu vumbi la Arua. Ilipokutana tena ililaumu umeme, ambao kwa haki ulikuwa na makosa yake mengi, lakini si hili. Baadaye ililaumu maji ya Koboko, na mjumbe mmoja akapendekeza tuchunguze kama kuna mtu anatuonea wivu. Mtaalamu aliletwa kutoka Kampala na picha zake za ukutani. Alieleza kwa ufasaha kwamba utando haushiki kwa sababu ya matatizo ya kushika. Mzee alimsindikiza hadi garini akiwa amemshika mkono, na mtaalamu akaondoka na kopo la mafuta ya shea kama zawadi, akiyasifu sana.

Kamati iliacha matunda yake. Kanuni mpya ilibandikwa mlangoni: chupa yoyote isipakwe kabla Mkuu wa Ubora hajaigusa. Basi kila siku ya kupaka Mzee aliingia chumbani, sisi tukavua glavu, maana nani atamsalimia mzee na glavu mkononi? Akatusalimia mmoja mmoja. Kisha akachukua kila chupa iliyooshwa, akazungusha kidole gumba kwenye mdomo wa chupa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna chupa iliyokaguliwa kwa upendo zaidi ya hizo katika Uganda nzima.

Siku ya kupaka mzigo wa tatu, mjomba wa Mama Margarita alifariki huko Inde, na Mzee akaenda matangani. Tukapaka bila yeye, huku tukiogopa kwamba tumevunja kanuni. Utando ulishika. Tulibandika utepe wa gundi na kuung'oa kwa nguvu, utepe ukatoka mtupu. Tukachemsha chupa, tukachemsha tena. Utando ulikuwa palepale. Hakuna aliyeshangilia. Tuliangaliana, tukaangalia mikono yetu, ambayo siku hiyo haikuwa imepata mafuta ya shea ya salamu, na kila mmoja akaelewa mwenzake anawaza nini.

Nani angemwambia? Huku kwetu mtu hamwambii mzee kwamba mkono wake una kasoro. Uongozi ukapata dawa ambayo uongozi huwa haukosi, cheo. Mzee Afedra akateuliwa kuwa Balozi wa Ubora, Koboko, na ikawa kwamba kila siku ya kupaka ubalozi unamhitaji huko bila kukosa. Alikwenda kifua mbele. Chupa zikasifiwa, kazi ikaongezeka, na wakubwa wakampa cheti kwa kuusimamia upakaji kwa karibu.

Mambo yalikwenda hivyo hadi Sista Poni alipomwomba awaonyeshe wauguzi jinsi chupa inavyopakwa. Mzee akafurahi. Akaosha chupa, akaigusa, akaipaka, ikaachwa ikauke. Kesho yake wakaichemsha mbele ya wote, na utando ukabambuka kuzunguka mdomo, palepale alipopitisha kidole gumba. Wauguzi wakarudi kazini kwa adabu. Mzee aliaga akapanda gari la kurudi.

Tulikuwa tukijiandaa kupaka alipotokea mlangoni. Siku ya kupaka, na yeye yuko Arua! Aliangalia glavu zetu na chupa zilizokuwa tayari, asiingie. Akasema polepole:

"Mimi sasa najua. Nyinyi naita mimi balozi, kumbe ni mkono yangu iko naharibu kazi. Kuanzia leo, hapa ndani mutu asisalimie mutu kwa mkono. Mimi ndio ya kwanza."

Akaweka mikono nyuma ya mgongo, akatusalimia kila mtu kwa jina, palepale kizingitini. Wengine tulilia, na sioni haya kuliandika.

Tangu hapo amekuwa Mkuu wa Ubora kwelikweli. Aliibandua kanuni yake kwa mkono wake. Alisimama mlangoni, na mgeni wa heshima aliyetangulia kunyoosha mkono alikuta mikono ya Mzee iko nyuma. Mjini wakasema Afedra amelewa cheo, siku hizi hata mkono hatoi. Sokoni wapo waliomkwepa. Hakujitetea hata siku moja, maana kujitetea kungemlazimu kusema chupa za zamani zilikuwaje, na wateja wapya wangepoteza imani na chupa zetu. Chumba hakikufungwa, na nesi hajakatwa tena.

Asante, Mzee wetu. Tunakutakia wewe na Mama Margarita miaka mingi ya heri na afya huko Logiri. Ijumaa ya kukuaga hatutapaka chupa hata moja. Tutapanga mstari uani, mikono bila glavu, tukupe salamu yako, na safari hii hakuna atakayeharakishwa.