Sanduku Lisilofunguliwa kwa Mgonjwa: Maisha ya Mama Félicité Nabintu, 1974–2025

Marehemu Mama Félicité Nabintu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Dominiki Cirhuza na Mama Ernestina, ambao wote wametangulia. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alianza kulia kabla hajatoka sawasawa, kama mtu aliyekuja na malalamiko yake tayari. Tabia hiyo hakuiacha. Kamati ya Umoja wa Kivu hapa Durban, ambayo imegharimia mazishi haya, iliiomba familia iandike wasifu mfupi na wa upole, usioingia sana katika habari za ugonjwa. Familia ililisikia ombi hilo. Lakini marehemu hakuwa mtu wa maneno mafupi, na si haki kumfupisha leo kwa kuwa hawezi kujibu.

Alisoma shule ya msingi ya masista palepale Kadutu, kisha sekondari, akachukua masomo ya biashara na kupata diploma ya taifa mwaka 1993. Alikuwa na kichwa cha hesabu na mkono usioshika cha mtu. Wenzake wa kwaya walimkabidhi pesa za kushona sare, naye kwa kukosa mahali pa kuzificha akazishonea ndani ya mto wa mama yake. Mama Ernestina alilalia sare za kwaya nzima mwezi mmoja, akilalamika kwamba shingo inamuuma, na binti yake akimkanda kila jioni bila kusema neno. Tangu hapo, popote alipoishi, watu walimpa vyao awatunzie.

Tarehe 7 Februari 1998 alifunga ndoa na Josias Murhula, fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka uliofuata walimpata Laetitia. Vita vilipozidi, waliondoka na mtoto mgongoni na masufuria mawili, wakapita Tanzania na Msumbiji, na mwezi Machi 2003 wakaingia Durban. Pascal alizaliwa hapa mwaka 2006. Josias hakupata chuma cha kuchomelea. Alipata koti la mlinzi kwenye jengo moja la Berea, na analivaa mpaka leo. Familia ilipanga chumba kwenye ghorofa si mbali na hapo, na chumba hicho hakikukosa mgeni aliyelala sakafuni.

Wiki yake ya kwanza mjini hapa, marehemu alisimama kando ya barabara akipungia taxi kwa mkono mzima, kama walivyozoea kwao. Taxi zilipita, madereva wakampungia pia, kwa adabu. Asubuhi nzima aliamini kwamba watu wa Durban wana salamu nyingi kupita kiasi. Ndipo mama mmoja Mzulu alipomshika kidole cha shahada, akakiinua juu, na taxi ya kwenda mjini ikasimama. Tangu siku hiyo, kila mkimbizi mpya aliyefika kwenye meza yake pale soko la Warwick alifundishwa kwanza vidole vya taxi, ndipo akauziwa samaki. Meza hiyo aliiendesha miaka ishirini na mmoja: samaki wakavu, unga wa muhogo, sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Akinusa gunia tu alijua kama mwuzaji amechanganya samaki wa juzi na wa mwaka jana, na alimwambia hivyo mbele za watu.

Sasa habari ya sanduku. Umoja wa Kivu, chama cha kusaidiana cha watu wa kwetu, una sanduku la chuma lenye makufuli matatu, ambalo wanachama wanaliita caisse. Kila mwezi kila nyumba huweka chochote. Funguo wanashika watu watatu: Mama Estella, ambaye ni mwenyekiti na ndiye anayelilaza sanduku nyumbani kwake Isipingo, Hardy, katibu, jirani wa marehemu, na marehemu mwenyewe, mtunza fedha. Hapo mwanzo sanduku lilisaidia kila shida. Mwaka 2012 lilitolewa lote kumlipia mwanachama mmoja kitanda cha hospitali. Mtu huyo alipona, akahamia Cape Town, akabadili namba ya simu. Wiki mbili baadaye mtoto wa Mama Estella akafariki, na sanduku likafunguliwa likiwa na kutu tu ndani. Mwili wa mtoto yule ulikaa chumba cha maiti wiki tatu, ukingoja michango ya huku na huku.

Ni marehemu aliyesimama kwenye kikao na kutunga sheria: sanduku halifunguliwi kwa mgonjwa. Mgonjwa ana mdomo wa kuomba, alisema; caisse ni ya yule ambaye hana mdomo tena. Alimwapia Mama Estella, mikono imeshikana, kwamba hakuna mwenzao atakayelala tena kwenye jokofu la serikali kama mzigo uliokosa mwenyewe. Watu walipiga makofi. Ilikuwa sheria ya huruma, na familia haitaki mtu yeyote aisahau huruma hiyo, kwa maana ndiyo iliyomuua.

Jumamosi tarehe 13 Septemba mwaka huu, akiwa mezani pake Warwick, alibanwa na kifua. Alimaliza kumpimia mteja unga, akampa chenji yake, ndipo akakaa chini. Laetitia alimpeleka kwenye kliniki ya serikali iliyo karibu. Getini walisimama watu ambao si wauguzi wala askari, wakidai kitambulisho cha raia. Karatasi ya ukimbizi ya marehemu ilikuwa halali na aliitoa. Waliitazama, wakamwambia, mama, katibiwe kwenu. Mwanamke mwenye miaka hamsini na mmoja, jasho linamtiririka, alirudishwa kama gunia la samaki waliooza.

Josias akasema basi, twende ya kulipa. Kwenye hospitali ile ya watu binafsi hakuna aliyewauliza uraia. Waliulizwa kitu kimoja, kama wana bima ya afya.

“Medical aid?”

“Hapana, sister. Cash,” Josias alijibu.

Kuonwa tu pale mapokezi ya dharura kuliwagharimu randi elfu tano na mia mbili: daktari, nyaya za kupima moyo kifuani, dripu moja na kidonge. Zilikuwa pesa za magunia ya mwezi ule. Daktari, kijana mpole, alisema ni moyo, na kwamba mama asirudi nyumbani, alazwe sasa hivi. Kwenye dirisha la malipo wakaelezwa bei ya hiyo sasa hivi.

“Thirty thousand, baba. Deposit. Halafu tunafungua faili.”

Marehemu alisikia kutoka kitandani. “Kitanda chenu ni ya dhahabu?” aliuliza, na muuguzi mmoja akacheka kabla hajajizuia. Daktari aliandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa ya serikali, akasema ambulance ya serikali itakuja, saa hajui. Waliingoja mpaka jua likazama. Marehemu akavua nyaya mwenyewe, akatafuta viatu. “Geti moja inatosha kwa siku moja,” alisema. Familia inamfahamu, hakuogopa kufa kama alivyoogopa kudhalilishwa mara ya pili mbele ya binti yake. Wenye pesa hawajui jambo hili, kwamba maskini hubeba bei mbili, ya mfukoni na ya usoni, na mara nyingine hii ya pili ndiyo humshinda.

Jumapili alilala ameegemezwa mito, maana akilala chali pumzi ilikatika. Josias aliomba mshahara wa mbele kazini. Laetitia alimwomba mwenye saluni anakosukia nywele. Pascal, anayesoma chuo, aliuza simu yake. Zilipatikana elfu kumi na moja. Jumatatu asubuhi marehemu alifungua fundo la kitenge chake na kumwita mumewe.

“Shika hii ufunguo, uende kwa Estella,” alisema. “Umwambie ile sheria niliweka mimi, na mimi naitoa.”

Josias alikuwa na ndoa ya miaka ishirini na saba na mwanamke huyu, na hakuwahi kumsikia akirudisha neno lake nyuma. Ameiambia familia kwamba alipoupokea ufunguo ule, ungali na joto la mwili wake, ndipo alipoogopa kweli.

Hardy alimpeleka Isipingo kwa gari lake, akiwa na ufunguo wake. Mama Estella aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa. Sanduku lilikuwa chini ya meza, limefunikwa kitambaa cheupe.

“Mama Estella, tuko na funguo mbili,” Hardy alisema. “Ya tatu iko kwako.”

Mama Estella akasema, “Mtoto wangu alilala kwa baridi wiki tatu. Félicité ndiye aliniapia kama haitarudia. Leo munataka mimi nivunje kiapo yake?”

“Ni yeye anakutuma uvunje,” Josias alisema.

“Mgonjwa anasema mengi, Papa Josias. Sisi tunamuheshimu mama. Règlement, ile sheria, ni yake. Dimanche, Jumapili ya mwisho ya mwezi, iko réunion, tutauliza batu.”

“Moyo haingojei dimanche, mama.”

“Lakini bado iko mzima,” Mama Estella alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. “Caisse ni ya yule hana mdomo tena.”

Josias anasema hilo ndilo lililomkata. Maneno yalikuwa ya mke wake, hata mpangilio wake. Aliporudi nyumbani marehemu alimtazama mikono, akaiona mitupu, akauliza Estella amesemaje. Josias hakuweza kudanganya, akamwambia. Marehemu akacheka kidogo, na kucheka kukamuumiza. “Nilimufundisha muzuri,” alisema.

Jumanne tarehe 16 Septemba, asubuhi, Hardy na Josias walimbeba ngazi zote za ghorofa na kumweka kwenye gari, na barua ya daktari mapajani. Alifariki njiani, kabla hawajaliona geti. Geti la pili, lile alilolikwepa kwa aibu, hakuhitaji kukutana nalo.

Na jioni ileile sanduku likafunguliwa. Mama Estella alipiga simu mwenyewe, analia, akisema vyote vipo tayari, mwenzetu hatakaa kwenye baridi. Alichokosa ni ufunguo wa marehemu. Josias alikwenda Isipingo, akafungua kufuli moja kwa mkono wake, akaurudisha ufunguo mfukoni. Zilitoka randi elfu arobaini na sita. Jeneza hili mnaloliona, lenye vishikio vinavyong'aa, limekula elfu kumi na tisa. Yako mabasi mawili yaliyowaleta, liko hema, iko nyama mtakayokula mkitoka hapa. Kitanda cha hospitali kilikuwa elfu thelathini, na familia ilikuwa imekwisha kutafuta zaidi ya theluthi. Kila mmoja wenu ana kichwa cha kuifanya hesabu hiyo, hata asiyesoma biashara.

Wapo wanaonong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Familia imewasikia, na inawajibu kwamba kisima kile alikichimba ili watu wanywe, na siku alipokitumbukia aliomba kamba, na kamba ilikuwepo, imekunjwa vizuri chini ya kitambaa cheupe. Familia haimlaani Mama Estella. Amekaa mstari wa mbele, na ni hapo anapostahili, kwa kuwa aliosha mwili wa rafiki yake kwa mikono yake. Hasira ya familia ni kubwa kuliko mtu mmoja. Ni kwa nchi ambayo mgonjwa hukaguliwa karatasi kabla ya mapigo ya moyo, kwa hospitali inayojua ugonjwa kwa elfu tano na kuutibu kwa thelathini, na ni kwa sisi wenyewe, tuliojifunza kuzikana vizuri mpaka tukasahau kwamba kuna kazi nyingine inayotangulia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sisi tumemfaa kwa maua.

Marehemu ameacha mume, Josias. Watoto wawili, Laetitia na Pascal. Mdogo wake Laurette, ambaye ndiye anayewasomea haya na ambaye hataomba radhi. Wateja wengi pale Warwick, ambao wengine watafika Jumatatu na kushangaa kwa nini meza haina mtu. Na ufunguo mmoja kati ya zile funguo tatu. Kamati imeuulizia ufunguo huo mara mbili wiki hii. Uko shingoni mwa Josias, kwenye kamba ya kiatu, chini ya koti lake.

Kile kikao ambacho Mama Félicité aliambiwa akingoje ni kesho, Jumapili tarehe 28, saa nane mchana, nyumbani kwa Mama Estella. Josias atakuwepo. Sharti lake ni moja, na ametaka lisomwe hapa mbele ya kaburi ili mtu asiseme hakulisikia: kufuli lake halitafunguka tena kwa jeneza la yeyote, hata liwe lake mwenyewe, mpaka likubaliwe kufunguka kwa mgonjwa. Neno la mwisho la marehemu kwa Umoja lilikuwa hilo, na alilituma akiwa bado na mdomo.

Apumzike sasa, na apumzike kwa amani, yeye ambaye hakuna anayeweza tena kumwambia asubiri. Sisi tuonane kesho saa nane.