Maharagwe Yaliyofutwa

Bibi Léoncie alikuwa ameketi katika basi la mtaa wa Mabanga, akamwona mbele yake binti mwenye kitambaa cha msiba akimtikisia mwalimu wake wa zamani karatasi ya kusomwa mazishini. “Mwalimu, nilikuomba unyooshe maandishi, sikukuomba umuzike mama kabla padri afike! Niliandika namna alipikia watu waliokimbia volkano maharagwe, yeye akabaki analamba mwiko. Iko wapi?”

“Mwiko haisomwi kanisani, Joviale. Nimeandika ‘mama mwenye fadhila tele.’”

“Fadhila tele! Na hiyo maneno utazika mama ya mutu yeyote!”

“Mutoto, nimefundisha kuandika miaka makumi tatu!”

“Na ile mwaka volkano iliunguza nyumba yako, ulikula kwa sahani ya nani?”

Mwalimu aligeukia dirisha. Bibi alimwonea huruma, kwa maana chakula cha kupewa hushuka, aibu yake hubaki kooni. “Sasa unataka kanisa nzima ijue?” mwalimu aliuliza taratibu.

“Ijue!” binti akafoka.

Basi likasimama mbele ya kanisa. Walishuka wakigombana bado, lakini mfuko wa binti aliubeba mwalimu, na kalamu yake nyekundu alikwisha kuifungua ayarudishe maharagwe.