Makala Arobaini na Moja za Arit Okon Etim

Ndugu waombolezaji, kwa desturi ya nyumbani kwetu historia ya marehemu husomwa na ndugu zake na si na mumewe, lakini mama yake alinyimwa viza ya kuja hapa London wiki iliyopita na kaka yake akanyimwa juzi, kwa hiyo naisoma mimi, Faustine Kiwia, na tarehe ninazozitaja nimezipata kwenye hati zake au kwa mama yake kwa simu, na pale ambapo sina hati nitasema.

Arit Okon Etim alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1969, mjini Calabar, Nigeria, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Okon Etim, aliyekuwa karani wa forodha, na Mama Ekanem, fundi cherehani, ambaye yupo hai. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya wasichana hadi 1986, yote hapo hapo Calabar. Mama yake anasimulia kwamba tangu akiwa na miaka tisa majirani wasiojua kuandika walimtuma awaandikie barua, naye alikataa kuongeza hata salamu ambayo mwenye barua hakuitamka, jambo ambalo, kwa maneno ya mama, "liliwakera watu, lakini walirudi."

Mwaka 1986 aliingia Chuo Kikuu cha Calabar, akahitimu shahada ya lugha ya Kiingereza mwezi Julai 1990, halafu kama ilivyo kwa wahitimu wote wa nchi hiyo akalitumikia taifa kwa mwaka mmoja, akifundisha shule ya sekondari jijini Lagos. Tarehe 2 Septemba 1991 aliajiriwa na gazeti la kila wiki liitwalo Marina, na barua ya ajira, ambayo ninayo, inasema aliajiriwa kuwa msahihishaji, yaani mtu wa kusoma kurasa kabla hazijaenda kiwandani na kuondoa makosa ya wenzake. Hakuna barua nyingine iliyofuata, na naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu miaka yake iliyobaki iliamuliwa na karatasi hiyo moja.

Uchaguzi wa Juni 1993 ulipofutwa na wanajeshi wakashika nchi, ofisi za Marina zilifungwa kwa kufuli, waandishi watatu wakakamatwa, wengine wakaacha kazi, na kuanzia Agosti 1994 gazeti likawa linatolewa kwa siri, likichapwa leo mtaa huu na wiki ijayo mtaa mwingine. Mhariri wake, Bwana Akinbode, aliweka utaratibu ambao marehemu alinieleza mara nyingi: makala ilikuja kwa mkono, ikapigwa chapa na mtu asiyemjua aliyeiandika, nakala ya mkono ikachomwa, makala ikatoka bila jina, na jina likabaki kichwani mwa mhariri peke yake, asiyeandika orodha mahali popote, ili atakayekamatwa asiweze kuwataja wenzake. Waandishi walikuwa wamekwisha, ndipo akamwambia msahihishaji wake, "Dada Arit, umesahihisha sentensi zetu miaka mitatu, sasa nenda ukatuletee zako."

Kati ya Agosti 1994 na Oktoba 1995 marehemu aliandika makala arobaini na moja. Kumi na mbili kati ya hizo zilikuwa mfululizo wa habari za wake wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa wakingoja nje ya lango la gereza wakiwa na vyakula ambavyo havikupokelewa, naye alikaa nao kama mmoja wao, akiwa na bakuli lake la wali, na hakuandika neno ambalo mwanamke mmojawapo hakulisema. Haya yote nimeyapata kwake. Hati sina.

Mwezi Novemba 1995 mpiga chapa alikamatwa, Bwana Akinbode akamtuma marehemu avuke mpaka kwenda Cotonou, na tarehe 9 Desemba 1995 akatua London akiwa na begi moja na vipande kumi na saba vya gazeti, akaomba hifadhi ya ukimbizi siku hiyo hiyo. Kwenye mahojiano aliulizwa athibitishe kwamba vipande hivyo aliviandika yeye, akajibu kwamba anayejua ni mhariri. Mhariri alikamatwa mwaka 1996, akafia hospitalini akiwa kizuizini tarehe 20 Februari 1997, na mwezi Mei ombi la marehemu likakataliwa. Rufaa yake ilisikilizwa Novemba 1998, utawala wa Nigeria ukiwa umebadilika, na uamuzi wake, wenye kurasa nane, unasema magazeti ni halisi, mwombaji ni mtu wa adabu, lakini hati pekee iliyopo inaonyesha kwamba alikuwa msahihishaji, na hakuna ushahidi kwamba aliandika hata makala moja.

Wakati huo alikuwa amepanga chumba mtaa wa Neasden, hapa London, kwa dada yangu Marcelina, na kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa ya Watanzania alijifunza Kiswahili jikoni, akiwa na daftari. Mimi nilikuwa nimekuja kusoma shahada ya uzamili ya takwimu mwaka 1994 na nilifika pale kila Jumapili kula. Tulifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1999, kanisani Willesden, na wengi wenu mlikuwepo, mkamwingiza jikoni siku ya pili kumjaribu, na mnakumbuka Marcelina alivyouliza, "Wifi, ugali huu ni wa kula au wa kujengea?" naye akajibu kwa Kiswahili chake cha daftari, "Wa kujengea, wifi, kaka yako hana nyumba." Tarehe 3 Februari 2001 Mungu alitujalia binti mmoja, Haika Ekanem, ambaye amekaa hapa mbele, na ambaye mama yake alimsemesha Kiswahili na Kiefiki, lugha ya kwao Calabar, naye akajibu Kiingereza.

Kwa ndoa alipata kibali cha kuishi nchini, kama mke wa mtu. Kuanzia mwaka 1997 hadi alipougua alifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya wazee Harrow, zamu ya mchana, na asubuhi aliandika. Alikuwa ameamua kuzirudisha makala zote arobaini na moja, kumi na saba kutoka kwenye vipande na ishirini na nne kutoka kichwani, ziwe kitabu chenye jina lake, na kila alipokuwa hana uhakika na neno aliacha nafasi tupu, hata nilipomshauri aijaze kwa kukisia. Alikimaliza Machi 2002, akakipeleka kwa wachapishaji wanne, watatu wakakataa, wa nne akajibu kwamba anakitaka, mradi apate uthibitisho kutoka kwa gazeti lenyewe.

Tulifurahi kwa miezi mitano. Februari 2003 Lagos kilitoka kitabu cha kumuenzi Bwana Akinbode, chenye makala bora za Marina la miaka ya siri, na zile kumi na mbili za langoni zimo, zote kwa jina la mhariri huyo. Marehemu alimwandikia aliyekikusanya, mfanyakazi mwenzake wa zamani ambaye hakuwa mtu mbaya, naye akajibu, na barua ninayo: "Dada yangu, sisi wote hatukujua nani aliandika nini, ndivyo alivyotaka mzee. Yeye hana tena namna ya kujitetea. Wewe unaishi, una mume na mtoto, mwachie hizi." Mchapishaji wa London alipoambiwa aliandika kwamba anasikitika.

Siku ile barua ilipofika nilikuwa nimekaa naye mezani, na mimi, mtu niliyefundishwa kutokubali namba isiyo na chanzo, nilimuuliza, "Arit, hakuna hata mtu mmoja aliyekuona ukiandika?" Akaniangalia, akasema, "Hata wewe, Faustine," akakusanya karatasi akaziweka kabatini. Hakuwahi kukitaja kitabu tena, wala kuandika kitu kingine isipokuwa orodha za sokoni. Nimefikiria kuiacha sehemu hii, lakini historia yenye tarehe zote na isiyo na jambo hilo ingekuwa na kosa, na yeye angeliona.

Mwezi Septemba 2004 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji Oktoba, akapata matibabu ya dawa na mionzi hadi katikati ya 2005, akarudi kazini miezi minne, kisha Machi 2006 ikaonekana kwenye ini. Alijua. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 7 Novemba 2006, saa tisa na dakika kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, miezi saba na siku ishirini na nne, mimi na Marcelina tukiwa naye, na hakuacha neno la mwisho.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka miwili bila kumdanganya, majirani wa Neasden waliomchukua Haika kila siku ya matibabu, wafanyakazi wenzake wa Harrow waliomfanyia zamu, na wazee wawili wa nyumba ile walioletwa leo kwa viti vya magurudumu. Namshukuru pia mama mmoja, karani wa usajili wa vifo, ambaye Alhamisi iliyopita alinionya kama anavyomuonya kila mtu kwamba kutoa maelezo ya uongo mbele yake ni kosa la jinai, kisha akauliza kazi ya marehemu. Nilijua jibu lenye hati, mhudumu wa wazee, na kabla ya hapo msahihishaji. Nikasema: mwandishi. Hakuomba ushahidi, aliniomba saini, nikatia. Cheti hicho hakibadilishi kitu, kitabu cha Lagos kitabaki kama kilivyo, na chake kitabaki kabatini, kwa kuwa waliojua kwa macho yao, mhariri na yeye mwenyewe, sasa wamekufa wote wawili. Lakini nilitakiwa kumwamini Arit kabla ya kuulizwa na karani, siku ile ya barua, yeye akiwa mezani akiningoja niseme namwamini, nami nimejibu miaka mitatu baadaye.

Lala, Mama Haika. Uliziandika wewe.