Nathanieli Mtewele, Mwinjilisti wa Wapanda Mabanzi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mwinjilisti Nathanieli Mtewele anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Ukiacha mwanzo wake mfupi hapa Njombe, miaka yote hiyo aliitumikia ufukoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, miongoni mwa vijana wanaoteleza juu ya mawimbi kwa vipande vya mbao. Hakuna aliyekuwa akiwataka vijana wale. Wazazi waliwaita wavivu, na sisi wa ofisini tuliwaita changamoto, neno tunalolitumia pale tusipotaka kwenda wenyewe.

Baba Mtewele ni mtoto wa wakulima wa Makambako. Alipofika ufukoni akiwaulizia vijana, aliambiwa wamekwenda kupanda mabanzi. Kwao Makambako, banzi ni lile pande la nje la gogo linalobaki baada ya kupasua mbao, nalo hupandwa ardhini kuwa uzio. Akaazima jembe akawafuata ili awasaidie. Vijana walipotoka majini, mabanzi yao ya kutelezea mawimbini kwapani, walimkuta amesimama mchangani na suruali yake ya sufu, jembe begani, wakacheka mpaka wakakaa chini. Huo ndio ulikuwa mkutano wake wa kwanza wa injili, na mahudhurio yalikuwa mazuri.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Amon, mtoto pekee wa mama mmoja muuza dagaa, jina lake Zita. Amon ndiye aliyemfundisha Mwinjilisti kuelea, mtu mzima mwenye watoto, akimshikilia kidevu kisizame. Naye Mwinjilisti aliwabembeleza wapasua mbao wa Makambako wampe mabanzi ya paini, yakashuka Ludewa juu ya malori. Kila msimu wa mawimbi ulipoanza aliyalaza mchangani, akayaombea, akasema Amina, vijana wakaingia majini. Kwenye taarifa zetu tuliandika kwamba huduma inastawi.

Ndipo mwaka mmoja mwera, ule upepo mkali wa kusini, ukaamka mchana baada ya maombi. Amon aliuogopa mwera tangu utotoni. Siku hiyo aliwaambia wenzake kwamba banzi lake limeombewa, akaingia. Mwinjilisti alikuwa kwa mama Zita, anakunywa chai. Jioni banzi lilirudi lenyewe. Amon hakurudi, wala mwili wake haukuonekana.

Wengi tulidhani ataomba uhamisho, na tungempa bila maswali. Alibaki. Tangu hapo hakuombea banzi tena. Alianza kusimama ufukoni, akifungua sala vijana wanapoingia majini, kisha akimtaja kwa jina kila anayetoka. Mwishoni alilitaja jina la Amon, akanyamaza. Hakusema Amina, kwa kuwa mmoja alikuwa bado hajatoka. Mgeni fulani kutoka Njombe alidhani amesahau, akaimalizia sala kwa sauti. Vijana walimtazama vibaya hadi akarudi kwenye gari. Wakaja vijana wengine ambao hawakumjua Amon, nao wakaizoea sala hiyo. Ziwa halikuchukua mwingine hata mmoja, maana hakuna aliyethubutu kuingia kwenye mwera mbele ya macho ya Mwinjilisti. Tunaliandika hilo hapa kama kazi kubwa kuliko zote alizofanya, ingawa yeye mwenyewe hapendi lisemwe.

Wiki iliyopita tulikwenda kumchukua. Alisali ufukoni kwa mara ya mwisho, akayataja majina, akafika kwa Amon, akanyamaza. Mama Zita, sasa bibi wa kutembelea fimbo, akajongea na kumshika mkono.

“Mwinjilisti, funga sala yako,” alisema. “Mwanangu hatoki tena. Mimi nimeshamwachia Mungu.”

Mwinjilisti aliendelea kutazama majini. Basi mama Zita akaisema yeye ile Amina, vijana wakaitikia, na mimi ninayeandika wasifu huu nililia mbele za watu bila aibu. Mwinjilisti aliokota viatu vyake, akapanda garini. Tukamrudisha kwao Makambako.

Baba Mtewele, ahsante kwa kubaki pale ambapo wengi wetu tungeondoka. Mkeo Eveline amekwisha kununua mabanzi ya uzio, yako nyuma ya nyumba yanakungoja. Chukua jembe lako, ukayapande ardhini. Tunakutakia uzee mtulivu, na mabanzi yatakayokaa pale ulipoyaweka.